Kutoka Mto Ruaha hadi Mashine ya Kusaga: Hotuba kwa Wanagenzi wa Umeme

Hotuba hii ilitolewa mbele ya wanagenzi wapya wa fani ya umeme. Tunaiweka yote kwa ajili ya waliokosa siku hiyo. Michoro iliyooneshwa ukutani imeachwa.

Walimu wenzangu, mafundi wa karakana, na ninyi vijana wetu mnaoanza leo: habari za asubuhi?

Hiyo ni sauti ya watu ambao hawajanywa chai. Habari za asubuhi? Haya, sasa tumeamka.

Naanza na swali. Ile mashine ya kusaga ya mtaani kwenu, inayoanza kunguruma kabla watoto hawajaenda shule, nani anaizungusha? Mtasema mota. Mota nayo inazungushwa na nani? Umeme. Sawa, na huo umeme unasukumwa na nani?

Naona mmenyamaza. Basi twendeni Iringa na Morogoro. Maji ya Ruaha Mkuu yanakusanywa bwawani Mtera, yanazungusha mitambo ya pale ya megawati 80, kisha yanateremka na mto mpaka Kidatu. Kidatu yanafanyishwa kazi tena: mitambo minne ya megawati 51 kila mmoja, jumla 204. Maji yale yale, kazi mara mbili. Kutoka Kidatu umeme unapandishwa hadi kilovolti 220, unasafiri kupitia Morogoro mpaka Ubungo, unapozwa hatua kwa hatua, kilovolti 33, kilovolti 11, volti 400, na mwisho unaingia kwenye ile mota inayosaga dona lako.

Leo nina jambo moja tu, na nitalirudia mpaka mchoke: huo ni mnyororo mmoja. Fundi anayefunga mota bila kujua kilicho nyuma ya waya ataiunguza, na atakapoiunguza hatajua kwa nini.

Mnyororo huu ulioneshwa hadharani mwaka 1891 huko Ujerumani. Mji wa Frankfurt ulikuwa na maonesho makubwa ya umeme. Wakati huo watu walikuwa wakibishana vikali: umeme wa mkondo mnyoofu (DC), unaoenda upande mmoja tu, au umeme wa mkondo geu (AC), unaogeuka kwenda na kurudi? Mhandisi Oskar von Miller na wenzake wakaamua kumaliza ubishi kwa vitendo. Walifunga jenereta ya fezi tatu kwenye mto Neckar, mahali panapoitwa Lauffen, kilomita 175 kutoka kwenye maonesho. Wakapandisha msongo, yaani volti, hadi kilovolti 15 hivi, wakauvusha kwa nyaya tatu za shaba, wakaushusha Frankfurt. Ukawasha taa elfu moja. Ukaendesha pia mota ya fezi tatu ya Mikhail Dolivo-Dobrovolsky, na mota ile ikazungusha pampu iliyopandisha maji juu ya kilima cha kutengenezwa ili yaporomoke mbele ya watazamaji.

Mnaona walichofanya? Maji yanaanguka Lauffen, maji yanapanda Frankfurt, na katikati hakuna kinachosogea isipokuwa umeme ndani ya waya. Robo tatu hivi ya nguvu ilifika salama. Ubishi ukaisha, mkondo geu ukashinda. Mpaka leo Kidatu, Kihansi na lile bwawa kubwa la Julius Nyerere kule Rufiji lenye mitambo tisa ya megawati 235 vinafanya hesabu ile ile ya Lauffen.

Kwa nini kupandisha msongo? Toeni kalamu. Chukua megawati 100 uzisafirishe kwa kilovolti 220: mkondo ni ampea 262 hivi. Nguvu hiyo hiyo kwa kilovolti 33 ni ampea 1,750. Joto linalopotea njiani linafuata mkondo kwa kipeo cha pili, kwa hiyo kwa waya ule ule hasara inakuwa mara 44. Mara 44! Ungekuwa unapasha joto ndege waliotua juu ya laini.

Hesabu hiyo hiyo iko kwenye nguzo ya mtaani kwenu. Transfoma ya kVA 100, ya kushusha kilovolti 33 hadi kilovolti 0.4, inabeba ampea 1.75 tu upande wa juu na ampea 144 upande wa chini. Ndiyo maana fyuzi ya juu ina kiwaya chembamba kama uzi wa kushonea, na kebo ya chini ni nene kama kidole gumba. Mwanagenzi asiyejua hili hudhani upande wa waya mwembamba ndio mpole. Vijana wangu, wembamba wa waya haukuambii kitu kuhusu msongo.

Tena transfoma haijui juu wala chini. Inafanya kazi pande zote mbili. Fikirieni: umeme umekatika, mwenye duka anachukua jenereta yake ndogo, anaichomeka kwenye soketi ya ukutani kwa waya wenye plagi pande zote mbili, na hajazima swichi kuu. Umeme unatoka dukani, unapita kwenye mita kinyumenyume, unapanda nguzoni. Jenereta ikihimili mzigo wa majirani, transfoma inafanya kazi yake bila kuuliza: inapandisha. Volti 230 zinakuwa maelfu. Na juu ya nguzo ya mbali yupo fundi wa laini anayejua kwamba umeme umekatika. Ndiyo sababu tunafunga swichi ya kubadilishia, ile yenye nafasi tatu: gridi, zima, jenereta. Mteja akikwambia ni gharama, usifunge kazi yake. Ndiyo sababu pia fundi wa laini anayejua kazi hapandi kabla hajaunganisha nyaya zote na ardhi mahali anapofanyia kazi, hata kama ameambiwa kila kitu kimezimwa.

Sasa mdundo. Umeme wetu ni hezi 50, yaani mapigo 50 kwa sekunde. Mwendo wa jenereta ni hezi mara 120, gawanya kwa idadi ya poli, yaani ncha za sumaku. Jenereta ya dizeli yenye poli 4 inazunguka mara 1,500 kwa dakika. Ya maji yenye poli 16 inazunguka mara 375. Moja inakimbia, nyingine inatembea kwa madaha, lakini kwenye gridi zinapiga mdundo mmoja kama ngoma kubwa na ndogo kwenye mdundiko. Hakuna anayeruhusiwa kuchelewa hata nusu pigo.

Mdundo huo unashikiliwa na nini? Na usawa. Kinachozalishwa sekunde hii lazima kilingane na kinachotumika sekunde hii, pamoja na kile kinachopotea njiani. Mzigo ukizidi, mitambo yote inapunguza mwendo kwa pamoja na hezi zinashuka. Mzigo ukipungua ghafla, inakimbia. Kifaa cha kurekebisha mwendo kinafungua au kufunga maji, ila maji na chuma ni vizito, vinataka sekunde kadhaa.

Sekunde hizo Kenya iliziona tarehe 7 Juni 2016. Tumbili alipanda juu ya paa la kituo cha Gitaru, kwenye mto Tana, akaangukia transfoma. Transfoma ikatripu, yaani ikajikata yenyewe. Mitambo mingine ya kituo ikabebeshwa mzigo uliobaki, nayo ikatripu kwa kuzidiwa. Zikapotea megawati zaidi ya 180 kwa mara moja, na gridi ya nchi nzima ikaanguka kwa zaidi ya saa tatu. Tumbili mwenyewe alipona, akachukuliwa na watu wa wanyamapori. Watu walicheka sana, lakini ninyi msicheke. Jiulizeni: aliyezima Kenya ni tumbili? Tumbili aliondoa kipande kimoja. Kilichozima nchi ni mzigo uliobaki bila mbebaji. Mitambo ilipojitoa, ilijitoa ili isife, na ilifanya sawa. Swichi iliyotripu si adui yako. Liwekeni hilo akilini, maana tutakutana nalo tena kwenye mashine ya kusaga baada ya dakika chache.

Nitapita haraka kwenye nyutro, ule waya wa kurudishia mkondo, ingawa inaunguza vyombo vingi mitaani. Fezi na fezi ni volti 400. Fezi na nyutro ni 230. Nyutro ikilegea nguzoni, nyumba mbili za fezi tofauti zinajikuta zimeunganishwa kwa mfuatano kwenye volti 400. Kwa Mama Fulani pana birika la wati 2,000, ukinzani wake omu 26. Kwa jirani pana televisheni ya wati 100, omu 529 ukiihesabu kama balbu. Gawanya volti 400 kati yao: birika linapata volti 19, halichemki, mama analalamika umeme ni mdogo. Televisheni inapata volti 381. Jirani halalamiki, anasikia pwaa! Kwa hiyo mtaa ukikuambia taa za upande huu zimefifia na za upande ule zinang'aa kupita kiasi, usianze kufungua soketi. Zima, kisha tafuta nyutro.

Sasa tufike kwenye mota, maana hapa ndipo mtakapopatia ugali.

Ndani ya mota kuna steta, ile iliyosukwa waya, na rota, ile inayozunguka. Fezi tatu zikiingia kwenye steta zinatengeneza sumaku inayozunguka bila chuma chochote kusogea. Kwa poli 4 inazunguka mara 1,500. Rota inaifukuza, lakini haiikuti. Ikiikuta, nyaya zake hazikatwi tena na sumaku, hazina mkondo, hazina nguvu, inarudi nyuma. Kwa hiyo inabaki mizunguko 1,460 hivi. Hiyo tofauti ya 40 tunaiita mteleziko. Ukiibebesha mzigo mkubwa, inateleza zaidi na inavuta mkondo zaidi. Basi. Siri yote ya mota ya kawaida ni hiyo.

Kabla hujagusa nati hata moja, soma kibati. Mota ya mashine ya kusaga inaweza kusema: kilowati 15, volti 400/690, ampea 28/16, mizunguko 1460, hezi 50. Maana yake, kwenye laini ya volti 400 inafungwa delta, koili tatu zikishikana kama pembetatu. Mota ndogo nyingi kibati chake kinasema 230/400. Hiyo kwenye laini yetu inafungwa sta, ncha moja ya kila koili zikikutana pamoja. Ukiifunga delta, kila koili inapata volti 400 badala ya 230, na utaunusa moshi kabla hujakusanya spana zako. Ya 400/690 ukiiacha kwenye sta na mzigo kamili, nguvu yake ya kuzungusha inabaki theluthi moja. Itateleza, itavuta, itaungua polepole. Moja inaungua kwa haraka, moja kwa subira, na mwenye mashine atakulaumu kwa zote mbili.

Sasa kaeni vizuri, tuitazame mashine ya kusaga inavyoungua. Si moja, ni nyingi sana. Hadithi ni ile ile.

Mota ya kilowati 15 ukiiwasha moja kwa moja inavuta mara sita au saba ya mkondo wake, tuseme ampea 180. Ndiyo maana tunaifungia sta-delta: inaanza kwa sta kwa sekunde tano hadi kumi, mkondo unashuka hadi theluthi, kisha taima inaibadilisha kwenda delta. Lakini nguvu ya kuzungusha nayo inashuka hadi theluthi. Kwa hiyo mashine lazima ianze tupu. Mwendeshaji ana foleni ya akina mama mlangoni, ana haraka, anamwaga mahindi kwanza ndipo anabonyeza kitufe. Mota inahangaika, haifikii mwendo. Taima haina macho, sekunde zikiisha inapiga delta. Mkondo unaruka, na ovalodi, kile kifaa kinachokata umeme mota ikizidiwa, inatripu.

Mara ya kwanza inatripu. Mara ya tatu mwenye mashine anaita fundi. Fundi anafika na bisibisi, anazungusha kitufe cha ovalodi mpaka mwisho, anasema tatizo limekwisha, anapokea pesa, anaondoka. Limekwisha? Tatizo halijaisha, limenyamazishwa. Hapa nina neno: kwenye sta-delta ya kawaida ovalodi inakaa kwenye njia ya koili, si kwenye laini, kwa hiyo haiwekwi ampea 28, inawekwa 28 mara 0.58, yaani 16. Ndiyo ile namba ndogo kwenye kibati. Fundi wetu sasa ameiweka 25, na pengine ataapa kwamba ni ndogo.

Wiki mbili baadaye mahindi yanamwagwa tena kabla ya kuwasha. Mkondo unaruka, fyuzi moja kati ya tatu inakatika. Mota sasa ina fezi mbili. Ikiwa tayari inazunguka, itaendelea kuzunguka, huku mkondo wa laini zilizobaki ukipanda mara 1.7 hivi. Ikiwa imesimama, haizunguki kabisa. Inaunguruma tu, mmm, na mkondo wa kuwashia unapita bila kukoma. Mwendeshaji anasikia mngurumo, anadhani mashine imekaza, anavuta mkanda kwa mkono, anabonyeza tena. Na tena. Na tena. Ovalodi iliyowekwa 16 ingekuwa imekwishamuokoa. Iliyowekwa 25 inachelewa mno. Kwanza harufu ya vanishi, halafu moshi.

Mota haifi, vijana. Mota huuawa. Na aliyeuawa huacha alama. Ukifungua mfuniko ukakuta koili zote nyeusi sawasawa pande zote, huo ni mzigo uliozidi au hewa iliyozibwa na vumbi la unga. Ukikuta fezi mbili nyeusi na moja safi, na mota ilikuwa sta, ilikosa fezi moja. Ile safi ndiyo iliyokosa umeme. Kama ilikuwa delta, ni kinyume: fezi moja imeungua, mbili ni safi, kwa sababu moja ilibaki na volti zote peke yake na mbili zikagawana. Ukikuta doa moja tu jeusi, ni nyaya za koili moja zimegusana, labda waya ulikwaruzwa wakati wa kusuka. Soma kwanza, kisha ndipo usuke. Fundi anayesuka bila kusoma atarudishiwa mota hiyo hiyo mwezi ujao, na safari hii bila malipo.

Kabla ya kuiwasha mota iliyosukwa au iliyolala muda mrefu, fanya hivi. Zima, funga kwa kufuli, ufunguo uweke mfukoni mwako. Jaribu kipimo chako mahali penye umeme ili ujue ni kizima, pima palipozimwa, kisha rudi ukijaribu tena penye umeme. Tesa ya bisibisi yenye kitaa haitoshi; ikifa haiwaki, na wewe utadhani umeme haupo. Fungua vibati vya muunganisho, pima ukinzani wa koili tatu: ziwe sawa, zikipishana kwa zaidi ya asilimia tano tafuta sababu. Halafu chukua mega, kipimo cha insulesheni, ya volti 500, pima kila koili na bodi, na koili kwa koili, dakika nzima. Chini ya megaomu moja usiwashe, ikaushe. Mota nzuri husoma mia na zaidi. Ukimaliza, gusisha koili na bodi zimwage chaji. Na kama kuna kidhibiti mwendo cha kielektroniki, kitoe kwanza. Mega inakiua kimyakimya.

Iwashe bila mikanda. Inazunguka kinyume? Badilisha fezi mbili zozote upande wa kuingilia. Ndipo uvishe mikanda, wala usiikaze kama kamba ya turubai la lori, unaua beringi. Grisi nayo usijaze. Beringi iliyoshindiliwa grisi inachemka.

Mwisho, pima volti tatu na mkondo kwenye waya zote tatu mashine ikiwa na mzigo. Tuseme umepata volti 400, 392 na 411. Wastani ni 401, tofauti kubwa kabisa na wastani ni 10, yaani asilimia 2.5. Unaona ni kidogo? Mkondo hupishana mara sita hadi kumi ya hapo, asilimia 15 hadi 25. Koili moja inabeba mzigo wa wenzake, na insulesheni ikizidi joto lake kwa nyuzi 10, umri wake unakatika nusu hivi. Hapo kosa haliko kwenye mota, na ukiisuka mara kumi itaungua mara kumi. Toka nje, ufuate mnyororo: kontakta iliyolika upande mmoja, kiunganishi kilicholegea, mita, nguzo, transfoma iliyobebeshwa nyumba nyingi kwenye fezi moja. Ukifika kwenye mita, simama. Kutoka hapo ni kazi ya shirika la umeme, wapelekee vipimo vyako vimeandikwa pamoja na saa ulizopimia.

Haya. Kwenye meza ya tatu karakanani kuna steta tatu zilizoungua. Hazina kibati wala maelezo, ila waya za muunganisho zimeachwa kama zilivyokutwa. Nendeni wawili wawili na tochi na malti mita. Kabla ya chakula cha mchana kila kundi liniandikie kwenye karatasi: kila moja ilifungwa sta au delta, iliuawa na nini, na ni kifaa gani kingeiokoa, kiwekwe ampea ngapi. Atakayeandika "iliungua kwa sababu ya umeme" ataosha rota za wiki nzima.